Shingo ya Gitaa la Nyanzobe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii sikuimaliza mimi, na aliyenipa hakuimaliza pia. Nimeibeba mpaka hapa nikitafuta wa kunipokea mzigo.

Tabora palikuwa na watu watatu wenye vipawa vitatu. Mihambo alikuwa seremala, na kipawa chake kilikuwa kwenye vifundo vya vidole. Akiugonga ubao mara moja tu, anakwambia umekauka miaka mingapi na utakuja kupinda upande gani. Mrisho alisuka mota za pampu na za mashine za kusaga, nyuma ya soko. Kipawa chake kilikuwa kuhesabu. Alizungusha waya huku akibishana mpira na wateja, na ukimuuliza ghafla amefika mzunguko wa ngapi, anakutajia. Wa tatu ni Leokadia, mjane wa mpiga gitaa aliyeitwa Fortunati. Kipawa chake kilikuwa sikio. Uzi ukilegea, aliusikia akiwa bado nje ya ukumbi.

Na Nyanzobe? Nyanzobe alikuwa na vidole tu. Alipiga solo katika bendi ya Nyuki Jazz, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba, na kwa miaka mingi alipigia gitaa la umeme la kuazima. Mwenye gitaa akinuna, Nyanzobe anaketi. Alipoketi Jumamosi ya tatu mfululizo, wale watatu waliambiana kwamba wamechoka kumwona ameketi.

Mihambo alitoa ubao wa mninga. Baba yake aliuacha darini jikoni, ukapigwa moshi miaka ishirini, uje kuwa mlango wa mbele wa nyumba ya mwanawe. Mihambo aliuteremsha, akaugonga, akauchonga ukawa mwili wa gitaa. Nyumba yake mpaka leo ina mlango wa bati. "Mlango ungefunguliwa na kila mtu," alisema. "Hili ni lako, Nyanzobe. Utaamua mwenyewe."

Mrisho alitoa masikio ya gitaa, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi na kudaka sauti. Sumaku alizibandua kwenye spika mbovu. Waya ulikuwa mwembamba kuliko unywele, akauzungusha kwa mkono, mizunguko elfu nane. Ulipofika elfu saba na mia mbili ulikatika. Hakuunga. Aliutupa, akaanza tena moja, mbili, tatu. Alipomaliza, jicho lake la kulia lilikuwa limeingiwa na ukungu ambao haukutoka tena. Hospitali walisema waya usilaumiwe peke yake, naye hakuulaumu. "Jicho moja linatosha kukutazama ukipiga," alisema. "Ni lako, dada. Utaamua mwenyewe."

Leokadia alitoa shingo. Fortunati alifia ajalini, akazikwa Tunduma, kwa kuwa hapakupatikana fedha ya kumsafirisha. Kilichorudi nyumbani ni begi la nguo na shingo ya gitaa lake, mwili wa gitaa ukiwa umesagika. Gitaa hilo lilitoka ng'ambo, na kichwani pa shingo palikuwa na jina la kiwanda kwa maandishi ya dhahabu. Leokadia alikaza nyuzi sita kwa sikio lake, hakutumia chombo. "Alipashika hapa kuliko alivyonishika mimi," alisema, akacheka, kisha akapangusa uso. "Ni lako, mdogo wangu. Utaamua mwenyewe."

Siku ya kuliunganisha yalifanyika mambo mawili, na msinihukumie mtu kwa hayo. La kwanza, Mihambo alikataa kufunga shingo kwa skrubu. Aliuingiza ulimi wa shingo ndani ya mninga, kama anavyounga fremu ya mlango, akatia gundi. "Skrubu ni za watu wanaojua wataachana," alisema. La pili, Nyanzobe aliomba jina la kiwanda liondolewe. Siku ile alijiona mkubwa kidogo, na nani asingejiona? Alilikwangua mwenyewe kwa kipande cha chupa, dhahabu ikamwagika sakafuni kama vumbi la mabawa ya nondo. Mihambo akachoma jina jipya kwa msumari wa moto: NYANZOBE. Wote wanne walipiga makofi.

Gitaa liliimba miaka kumi na mmoja.

Kisha kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikafa ganzi. Kikafuata cha kati. Siku ya mwisho Nyanzobe alisimama jukwaani, akabonyeza uzi, na hakujua kama ameubonyeza. Mpiga rithimu alimfunika vizuri, watu wakaendelea kucheza. Leokadia peke yake, mlangoni, aliacha kucheza. Madaktari walijaribu, na wasio madaktari walijaribu. Mkono ukabaki umelala mapajani mwake kama mkono wa mgeni.

Mwaka huohuo ukungu ulianza kuingia jicho la pili la Mrisho. Daktari wa macho alisema lipasuliwe kabla mwezi haujaisha, na hata hivyo hakuahidi zaidi ya nusu kwa nusu. Gharama ni milioni moja na nusu. Na mwaka huohuo ikaja barua kutoka Tunduma: barabara inapanuliwa, wenye makaburi wayahamishe kabla mwezi haujaisha, yatakayobaki yatapita chini ya lami. Kumfukua Fortunati, kumleta na kumzika upya, Leokadia alipiga hesabu mara tatu, ikamjia ileile milioni moja na nusu.

Nyanzobe alisema, "Tuliuze." Alikuwa na hakika. Gitaa ambalo watu wamelifuata kutoka Nzega na Urambo litaokoa jicho, litamrudisha marehemu, na litabakiza fedha ya mlango wa Mihambo.

Bwana Shirima alikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kununua magitaa na kuyauza tena. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucha safi. Walimpokea karakanani kwa Mihambo, Leokadia akampigia nyuzi zikiwa wazi, mmoja baada ya mwingine. Alisikiliza mpaka ule wa mwisho ukanyamaza wenyewe, na ulichukua muda mrefu kunyamaza.

"Zuri sana," alisema. "Ndiyo maana naona vigumu kuwaambia. Laki tatu."

"Laki tatu za nini, nyuzi?" aliuliza Mihambo.

"Gitaa zima, mzee wangu."

"Wewe umelisikia au umelitazama?"

"Nimelisikia. Lakini nitakayemuuzia hataniuliza linaliaje. Ataniuliza limetengenezwa na nani."

"Si limetengenezwa na sisi?"

"Ndiyo hivyo, mzee wangu," alisema Bwana Shirima, naye akatazama chini.

Aliligeuza gitaa ili alirudishe mezani, na hapo akaona namba iliyogongwa nyuma ya kichwa. Akaisoma kwa kidole. Sauti yake ikabadilika.

"Hii shingo mmeipata wapi?"

"Ya mume wangu," alisema Leokadia.

"Mama, nina mteja aliyevunjikiwa na shingo ya namna hii. Shingo peke yake, leo hii, nawapa milioni moja na nusu. Mwili na hizo sumaku sina kazi nazo."

"Haitoki," alisema Mihambo. "Labda niukate mwili."

"Basi ukatwe." Akalitazama jina lililochomwa. "Na hapa palikuwa na maandishi ya dhahabu. Nani aliyatoa?"

Mihambo alilifunika jina kwa kiganja.

"Yangekuwepo, ningelipa milioni tatu bila kubishana."

Milioni tatu. Jicho na kaburi, vyote viwili. Nyanzobe aliutazama mkono wake wa kulia, ule mzima, ulioshika kipande cha chupa siku ile.

Bwana Shirima alisema treni yake ni ya saa kumi alasiri. Akavuka barabara kwenda kunywa chai, akawaacha waongee.

"Mimi msinitie humo," Mrisho alianza. "Nimehesabu elfu kumi na tano na mia mbili kwa ajili ya gitaa hili. Mkilikata mnitibu jicho, nimehesabia upepo. Uzeni zima. Laki moja moja kwa sisi watatu, tukale pilau."

"Laki itakununulia fimbo ya kipofu," alisema Mihambo.

"Basi fimbo. Kupapasa nimeshazoea, mke wangu hajalalamika." Alicheka peke yake. Kisha akasema taratibu, "Nikiwa gizani nataka nijue liko mahali fulani linalia. Hilo tu."

Mihambo aliushusha msumeno ukutani, akauweka mezani kando ya gitaa. "Ubao huu ni wa baba yangu. Kwa jicho la Mrisho, naukata sasa hivi, sitauliza mara mbili. Kwa mifupa, nisamehe shemeji, siukati. Fortunati hataona akiletwa."

Leokadia alisimama. Aliongea polepole, kama mtu anayekaza uzi asije akaukata.

"Likiwa gitaa, ni letu sote, na laki yangu mwacheni Mrisho aichukue. Likiwa shingo, ni ya Fortunati. Shingo ya mume wangu iuzwe, jicho la mwingine litibiwe kwa kubahatisha, yeye malori yampite kifuani? Kaburi halina nusu kwa nusu, Mihambo. Nikienda, nitamkuta."

"Na mimi je, nikikuzuia?" aliuliza Mihambo. "Msumeno ni wangu."

"Na shingo ni yangu."

"Na jicho ni langu," alisema Mrisho, "na nimesema silitaki."

Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa hawajawahi kutamka neno "langu" karibu na gitaa lile. Walilisikia wote lilivyotoka. Kisha mmoja mmoja waligeuka kumtazama Nyanzobe, maana kila mmoja, siku ya kutoa, alikuwa amemwambia maneno yaleyale: ni lako, utaamua mwenyewe.

Nyanzobe aliunyanyua mkono wa kushoto kwa kutumia ule wa kulia, akaulaza juu ya shingo, mahali pake pa siku zote. Hakusikia mbao wala chuma. Akiliuza zima, gitaa litaendelea kuimba mikononi mwa mtu asiyewajua, Mrisho ataingia gizani na Fortunati ataingia chini ya lami. Akikubali likatwe kwa jicho, atakuwa amemnyang'anya mjane kitu cha mwisho kilichorudi nyumbani, na jicho lenyewe huenda lisipone. Akikubali likatwe kwa kaburi, itabidi msumeno ushikwe na mtu asiye Mihambo, na Mrisho atausikia ukipita kwenye waya wake. Na vyovyote atakavyosema, dhahabu iliyotosha kwa wote ilishafagiliwa sakafuni humo humo, na aliyeikwangua ni yeye.

"Sema basi," alisema Leokadia, bila hasira.

Honi ya treni ilisikika kutoka stesheni. Ng'ambo ya barabara, Bwana Shirima aliweka kikombe mezani, akainuka.

Treni iliondoka alasiri ile, hilo ninalijua. Alichopanda nacho Bwana Shirima sikijui. Na wale wanne hawakuonekana tena wameketi meza moja, hilo pia ninalijua.

Sasa niambieni, mlionisikiliza mpaka hapa. Mmoja alitoa kitu chenye bei. Mmoja alitoa kitu kitakachoharibiwa. Mmoja alitoa jicho lake, naye ndiye hataki kulipwa. Na wa nne alipewa vyote, akakwangua jina. Neno la mwisho lilikuwa la nani? Na kama lilikuwa lako wewe, mkono wako mmoja umekufa, msumeno uko mezani na mnunuzi anavuka barabara, ungeamua vipi, na ungemtazama nani machoni ukilitamka?