Bahari Ndogo ya Otukei

Malaba ni mji wa kungoja. Malori hupanga foleni ndefu yakielekea Uganda, na madereva hulala katika vyumba vidogo kando ya barabara. Katika mojawapo ya nyumba hizo za wageni, ambayo madirisha yake hayakufunguliwa kwa kuogopa vumbi na moshi wa malori, palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyetarajia kukiona mbali hivyo na pwani: tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mchanga mweupe na mawe yaliyoota mwani.

Tangi hilo lilikuwa la Otukei, mume wa mwenye nyumba. Alikuwa dereva wa lori la Mombasa hadi mgongo ulipomwangusha. Tangu hapo alilala akitazama ukuta, asitake kusema na mtu. Mama yake, Akurut, na mkewe, Amoding, walikuwa wamekata tamaa alipoanza kusoma kwenye simu habari za samaki wa bahari. Siku alipoinuka mwenyewe kuchanganya maji na chumvi, Amoding aliingia jikoni akajifuta machozi kwa leso.

Dereva rafiki yake akamletea samaki wawili, wadogo kama vidole gumba, wa rangi ya chungwa yenye mistari myeupe.

"Boss, hao wanakaangwa lini?" wageni walimtania.

"Ukiwagusa utakaangwa wewe," Otukei alijibu, akacheka. Kicheko hicho kilikuwa kigeni nyumbani humo. Kisha akamgeukia mkewe. "Lakini hawa wakifa, Mama Sharlyne, navunja tangi. Nitajua mikono yangu haifai kitu tena."

Shida ilikuwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: namba ikishuka, uchachu umezidi. Mtu hutia matone ya rangi katika kichupa cha maji ya tangi, kisha hulinganisha rangi hiyo na kadi. Maji ya bahari hutakiwa yawe nane na nukta chache. Otukei alipima alfajiri akakuta saba nukta nane. Yalikuwa chini. Akayeyusha magadi kidogo, akayatia, kama alivyosoma. Alfajiri nyingine akakuta yamepanda kupita kiasi, naye hakutia kitu. Iliyofuata yakawa yameshuka, chini kuliko mwanzo. Rangi ilibadilika kama kinyonga, na hakuona sababu.

Alimpigia simu Egwang, fundi wa matangi ya samaki mjini Busia.

"Mzee, usiogope," Egwang alisema. "Usiku watu wanapumua, nyumba imefungwa, hewa hiyo inaingia kwa maji na pH inashuka. Mchana taa ikiwaka, mwani unaila ile hewa, pH inapanda. Ni kawaida. Samaki anazoea."

"Hii yangu haipandi. Inaruka."

"Kuna mtu mwingine anagusa hayo maji?"

"Ni mimi tu," Otukei alisema, na aliamini hivyo.

Simu ilipokatika alibaki na maswali zaidi. Je, matone yalikuwa yameharibika? Alikiosha kichupa akapima upya. Je, alikuwa akiisoma kadi vibaya? Alimwita mgeni mmoja amsomee rangi, naye akasema anaona kijani tu. Mwishowe Otukei alianza kushuku macho yake mwenyewe. Alikuwa amefuata kila hatua, na kila hatua ilimpeleka asikokujua.

Asubuhi moja alimkuta samaki mmoja amelala ubavu juu ya mchanga. Alikuwa amekufa. Wa pili alijificha nyuma ya jiwe, mashavu yakimwenda mbio, akikataa kula. Otukei alikaa mbele ya tangi hadi baada ya chakula cha mchana, kisha akachukua kopo la magadi.

"Usitie tena, Baba Sharlyne," Amoding alisema. "Iko juu."

"Juu wapi? Alfajiri ilikuwa chini."

"Sasa iko juu. Nimepima."

Otukei aligeuka polepole. "Umepima?"

"Huwa napima mchana, ukilala."

Hapo mama yake alitoka jikoni na kikombe mkononi.

"Sogeeni kidogo," Akurut alisema, "leo nitie mapema."

"Utie nini, mama?"

"Si abalang." Hayo ni maji ya majivu, ambayo alipikia kunde. "Nilikuona ukitia magadi, nikasema yetu ni nzuri kuliko ya duka. Kila nikipika kunde, jioni ukienda kuoga naleta kidogo. Kwani kuna ubaya?"

Amoding aliziba mdomo kwa mkono. "Na mimi nimekuwa nikitia ndimu," alinong'ona. "Nikikuta iko juu, nashusha."

Otukei alimtazama huyu, akamtazama yule. "Mimi napandisha alfajiri. Wewe unashusha mchana. Mama anapandisha jioni. Samaki tumemgeuza mpira! Mbona hamkuniambia?"

"Na ulivyosema utavunja tangi?" Amoding alijibu. "Tuliogopa utarudi kitandani."

Hasira iliyokuwa imempanda ilikosa pa kutua. Aliketi. Kisha alimpigia Egwang na kumweleza yote. Egwang alicheka kwanza, kisha akamwagiza aondoe sehemu ya maji na kuongeza mapya kidogo kidogo, afungue dirisha la nyuma lisilotazama barabara, na tangi liwe na mtu mmoja.

Alfajiri iliyofuata kipimo kilikuwa chini kidogo. Mkono wa Otukei ulienda kwenye kopo la magadi, ukasita, ukarudi. Alifungua dirisha. Amoding alisimama mbali, mikono ameifumbata. Akurut hakuvuka mlango wa jikoni.

Otukei alidondosha chembe moja ya chakula. Ilizama nusu ya njia. Samaki alitokeza kichwa nyuma ya jiwe, akangoja, kisha akaidaka.

"Amekula?" Akurut aliuliza kutoka mlangoni.

"Amekula, mama."

"Sasa tufanye nini?"

"Hakuna," Otukei alisema. "Leo hakuna wa kufanya kitu."

Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.