Fomu ya Mahudhurio ya Dakta Mwakitalima

Muhula mzima Dakta Mwakitalima aliingia darasani mara moja tu, siku ya kujitambulisha. Wiki moja kabla ya mtihani akamwita Nyamizi, kiongozi wa darasa, akamtupia fomu ya mahudhurio ya wahadhiri.

"Jaza kwamba nimefundisha wiki zote kumi na tano. Ukileta ubishi, utarudia somo langu mpaka uote mvi."

"Ubishi wa nini, Dakta? Najaza sasa hivi."

Nyamizi akajaza tarehe na mada, mstari kwa mstari. Dakta akatia saini bila kusoma, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara.

Kesho yake mkuu akamwita.

"Dakta, maswali haya magumu ya mtihani wako umeyatoa wapi? Mtihani unatungwa kwa mada zilizofundishwa, na hapa umesaini wiki kumi na tano za mada moja: Mhadhiri Kujitambulisha."

Dakta akaisoma fomu kwa mara ya kwanza. Akiikana fomu, amekiri hakufundisha. Akaenda kutunga upya.

Siku ya mtihani swali lilikuwa moja: "Mhadhiri wa somo hili anaitwa nani?"

Nyamizi alilijibu kwa herufi kubwa, akawa wa kwanza kutoka ukumbini.