Mlio wa Sange Usioitikiwa

Paukwa!
Pakawa!
Haya, sogeeni, na anayesinzia mfinyeni.

Hapo zamani za kale, kiangazi kiliikausha nchi hata majani yakawa yanavunjika yakiguswa. Moto ukazuka mashariki, ukaja, ukaja, ukaja. Wanyama wakakusanyika. Tembo na ukoo wake ndio waliojua kufyeka ukanda wa kuzuia moto, lakini nguvu zao zilitosha kuzungushia mahali pamoja tu.

"Nyika yangu kwanza!" akanguruma Simba. "Mimi ndiye mkubwa wenu."

"Bonde letu kwanza!" akafoka Nyati. "Sisi ndio wengi."

Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa amejibanza nyuma ya kisiki. Watoto wake walikuwa katika kijisitu kilichokuwa kando ya korongo. Akajikakamua.

"Shikamoo, Babu Tembo. Tusipimane ukubwa. Kila mmoja aite nduguze, nasi tusikilize anaitikiwa kutoka wapi."

Simba akacheka. "Haya, Bibi Pua! Hata pengo la jino langu hulijazi, leo watufundisha!"

"Mwache," akasema Tembo. "Anza wewe."

Simba akanguruma. Akaitikiwa milimani, akaitikiwa mtoni, akaitikiwa hata mbali kusini. Nyati akalia, naye akaitikiwa kotekote.

Ikawa zamu ya Sange. Sasa hakuogopa moto, aliogopa kukosa jibu. Akagonga mguu juu ya majani makavu: tu-tu-tu! Kimya. Tu-tu-tu! Kimya. Tu-tu-tu! Kimya kabisa.

"Wenzako wako wapi, mjukuu wangu?"

"Wote wamo kijisituni, Babu, mbali na hapa. Kikiungua, hakuna Sange tena popote."

Simba akatazama chini. "Mimi nitahamia kwa shemeji zangu. Huyu je? Fyekeni kwake, upesi, kabla sijabadili mawazo!"

Tembo wakang'oa, wakakanyaga, wakafagia. Nyati wakachimba kwa kwato. Moto ukafika, ukazunguka, ukapita. Nyika na bonde vikaungua kweli, na Simba akahama akinung'unika njia nzima.

Mvua zikanyesha. Mbegu za kijisitu zikaota juu ya majivu, miche ikasambaa hadi ng'ambo ya korongo. Asubuhi moja Sange akagonga mguu, kwa mazoea tu: tu-tu-tu!

Kutoka ng'ambo, alikohamia bintiye, kukaja jibu: tu-tu-tu!

Hadithi yangu imeishia hapo, na Sange bado wanaitana.