Mbegu za Madanzi

Wahenga hawakusema kwamba mwenye kuvuliwa nguo hukimbia, wala hawakusema kwamba hupigana. Walisema huchutama. Maana yake ni kuwa aibu ikishamfika mtu mbele ya watu, kujitutumua huizidisha. Kilichobaki ni kujishusha na kukiri. Neno hilo ni jepesi kulitamka. Kulitenda ndiyo kazi, hasa kwa mtu aliyefikisha miaka sabini na minane bila kuomba radhi zaidi ya mara mbili, kama Mervyn Tregear wa Wirrapinga.

Wirrapinga ni mji mdogo wa wakulima wa machungwa kando ya mto Murray. Kila Machi huwa na maonyesho ya kilimo, na katika banda kubwa la bati watu hushindana kwa keki, fulana za kufuma, maua na jamu. Kila Agosti, baridi ikiuma na madanzi, yale machungwa machungu ya kupikia jamu, yakiwa yameiva, huwa na Juma la Kujifunza. Hapo mwenye ujuzi huwafundisha wenzake bure ukumbini: huyu kusokota sufu, yule kuchora kwa rangi za maji, mwingine kupiga fidla hata kama majirani hawajamwomba.

Katika ukumbi huo, karibu na mlango, umetundikwa ubao wa washindi wa jamu ya madanzi, ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mara thelathini na moja ubao huo unasema N. Tregear. Huyo ni Noreen, mke wa Merv. Karibu miaka yote hiyo aliyekuwa wa pili ni Dulcie Pfeiffer, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, na ubao hauandiki wa pili.

Noreen alifariki mwezi wa Novemba. Aliacha stoo chupa sita za jamu, kila moja ikiwa na karatasi yenye mwandiko wake mdogo uliolala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Merv hakuzigusa. Alikula mkate mkavu na kuzitazama.

Siku moja ya Februari, kwenye baa, rafiki yake Clarrie Boase alimpiga bega.

"Mwaka huu Dulcie atalala usingizi jamani! Maana wewe mzee hata yai la kuchemsha linakushinda."

Watu wakacheka, na Merv akahisi masikio yakimchoma.

"Nani kakwambia?" alisema. "Jamu ile nusu nilikuwa napika mimi. Noreen alikuwa anakoroga tu."

"Acha bwana!"

"Subiri Machi, utaona."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Machi ilipofika, Merv aliibandua karatasi ya Noreen kwenye chupa moja kwa maji ya moto, akabandika nyingine, akaandika jina. Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa kumkumbuka marehemu. Lakini jina aliloliandika halikuwa la marehemu.

Mwamuzi alitoka mji mwingine. Alionja kwa kijiko, akainua chupa kwenye mwanga, akaonja tena, akaifunga utepe wa bluu wa mshindi. Wiki iliyofuata fundi alipanda ngazi ukumbini akaongeza mstari chini ya ile thelathini na moja: M. Tregear. Kila Merv alipopita hapo aliinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu sakafuni.

Naye Tamsin, mkutubi kijana aliyeandaa Juma la Kujifunza, alimkuta Merv mwezi wa Julai amekaa na Clarrie.

"Mzee Merv, tunataka utufundishe jamu. Watu thelathini wameshajiandikisha."

Clarrie akatabasamu. "Kataa basi, Merv."

Angekataa hapo, hadithi hii isingekuwepo. "Niandike," alisema.

Nyumbani aliitafuta karatasi ya Noreen ya mapishi. Ilikuwa na mistari mitatu: kata madanzi, chemsha na maji mpaka maganda yalainike, tia sukari, chemsha tena. Hapakuwa na zaidi. Merv aliisoma mara mbili akaikunja. Hakujaribu hata mara moja. Kwa miaka hamsini alikuwa amesimamia wachumaji na trekta, akaongoza kamati mbili za mji. Maji na sukari vingemshinda nini?

Siku ya somo ukumbi ulijaa. Wanawake walikaa mbele na madaftari, wanaume nyuma pamoja na Clarrie. Dulcie Pfeiffer, mwenye miaka themanini na moja, alikaa mstari wa pili, fulana aliyokuwa akiifuma ikiwa mapajani. Merv alivaa aproni ya Noreen, akakaza kamba zake kama askari anayevaa mkanda.

"Jamu ni nidhamu," alianza. "Kwanza, usafi."

Akakata danzi vipande viwili. Akalikamua. Kisha, kwa mkono wenye madaha, akazikwangua mbegu na nyama zake nyeupe zote, akazitupa kwenye ndoo ya makapi ya kulishia kuku iliyokuwa chini ya meza.

Penseli zikasimama. Mama mmoja alimgeukia mwenzake. Vijiti vya kufumia vya Dulcie, vilivyokuwa vikigongana tangu mwanzo, vikanyamaza.

Merv hakuyaona hayo. Akaendelea mpaka ndoo ikawa na mbegu za madanzi arobaini. Maana hakuna mpishi wa jamu ya madanzi Wirrapinga asiyejua kwamba mbegu hufungwa katika kitambaa cha shashi na kuchemshwa pamoja na maganda, kwa kuwa ndizo zinazoigandisha jamu. Noreen hakuliandika jambo hilo, kama vile mtu haandiki kwamba chai hunywewa kwa mdomo. Merv alikuwa amekwisha kuvuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima, na ni yeye peke yake aliyekuwa hajui.

Jamu ikachemka. Ilinukia vizuri. Baada ya saa nzima Tamsin akaleta kisahani baridi, Merv akadondosha matone kuona kama yataganda. Yakatiririka hadi ukingoni kama chai.

"Bado kidogo," alisema.

Baada ya nusu saa nyingine, yakatiririka tena. Jasho lilimtoka Merv juu ya nyusi.

"Gesi ya jiko hili haina nguvu."

"Jana tulipikia watu sitini supu," alisema Tamsin kwa upole.

"Basi madanzi. Mwaka huu mvua imeyaharibu."

"Yametoka shambani kwangu hayo!" sauti ya Clarrie ikaja kutoka nyuma. "Usiyasingizie madanzi yangu, bwana wewe! Halafu mbona ya Machi iliganda?"

Kicheko kikapita, kikakatika haraka, maana kilikuwa kimeanza kuuma. Merv alitafuta pa kushika. Mkono wake ukagusa ile karatasi mfukoni, akaitoa, akaipunga hewani.

"Ni hii! Nimefuata maandishi ya Noreen neno kwa neno. Noreen ndiye aliyekosea. Aliandika ovyo!"

Merv aliisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye bati la dari: aliandika ovyo. Mke aliyemlisha miaka hamsini na miwili, sasa hana kinywa cha kujitetea, naye amemtupia kosa ili aokoe utepe wa bluu ambao ni wa mkewe huyo huyo. Uso ulimwaka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Alizima jiko. Akachukua funguo za gari mezani, akaelekea mlangoni bila kumtazama mtu, aproni bado ikiwa kiunoni.

Hakuna aliyemzuia. Gari lilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Angeweza kwenda nyumbani, akafunga mlango, na mji ungemaliza maneno yake kufikia Krismasi. Lakini njia ya mlangoni ilipita chini ya ubao. N. Tregear, N. Tregear, N. Tregear, na chini kabisa ile M., mpya, inayong'aa kuliko zote. Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Machi aliinua kichwa, akausoma mstari ule mpaka mwisho.

Akageuka.

"Sijawahi kupika jamu maishani mwangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wa nyuma wasogee. "Ile ya Machi ilikuwa ya Noreen. Niliitoa stoo. Nikabandua jina lake, nikaweka langu. Na sasa hivi mmenisikia nikimsingizia. Yeye hakukosea kitu. Mwizi ni mimi."

Clarrie alikuwa akiitazama kofia yake.

Dulcie Pfeiffer ndiye aliyeinuka, akijikongoja, fulana ile ikining'inia mkononi.

"Nilijua tangu Machi, nilipoyaona maganda chupani," alisema. "Noreen alikuwa akikata maganda kwa mkasi kwa sababu ya ugonjwa wa vidole. Hakuna mwingine anayekata hivyo. Nikasema, mwache, kila mfiwa analia kwa njia yake. Lakini uliposema kaandika ovyo, Merv, nilitaka kukupiga kwa hivi vijiti."

"Ungenipiga, Dulcie. Ningestahili." Akaunyooshea ubao kidole. "Utepe ni wako. Kanuni inasema aliyepika ndiye anayeshindana, na wa pili ulikuwa wewe. Tamsin, nifutwe pale, aandikwe D. Pfeiffer."

Tamsin alimtazama Dulcie. Bibi huyo aliusoma ubao mstari kwa mstari.

"Miaka thelathini na moja amenishinda akiwa hai," alisema, "na sasa kanishinda akiwa kaburini. Andikeni Noreen. Kuwa wa pili nimeshakuzoea. Sitaki kuwa wa kwanza kwa sababu ya ujinga wa mzee huyu."

Ukumbi ukacheka, lakini safari hii kicheko hakikuwa na meno. Merv alijaribu kucheka pia, akashindwa. Machozi yalimtangulia, akayafuta kwa aproni.

"Na wewe unaenda wapi na hizo funguo?" Dulcie akamkaripia. "Watu thelathini wamekuja kujifunza jamu. Rudi huku. Jiko tutaliwasha upya, labda jamu itaganda, labda haitaganda, lakini mbegu nazitaka. Zote."

"Mbegu zipi?"

"Ulizozitupa, we mwanamume! Ndizo jamu yenyewe hizo."

Merv alizitazama nyuso za wenzake, kisha ndoo iliyokuwa chini ya meza, na maganda ya mayai na majani ya kabichi ndani yake. Aliziweka funguo mezani. Magoti yakalia kama bawaba kavu alipojishusha taratibu, mkono mmoja ukishika mguu wa meza, mpaka akafika chini kabisa. Pale, mbele ya Wirrapinga nzima, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya kuku, akaanza kuokota mbegu, moja baada ya nyingine, akiziweka katika kitambaa cheupe alichoshikiwa na Dulcie.

"Hiyo nyingine, chini ya kabichi," alisema Dulcie.

"Naiona," alijibu Merv, na hakuinua kichwa.

Kwa hakika, mwenye kuvuliwa nguo huchutama.