Santuri Aliyopelekewa Mwalimu wa Kwaya

Wapendwa, alikuwepo mwanakwaya mmoja, mwimbaji wa sauti ya tatu, aliyeingia studio na gitaa la umeme pamoja na zeze la babu yake, akatoa santuri isiyofanana na kitu chochote. Gitaa linavuma kwa mwangwi, zeze linalia humo humo, naye anaimba taratibu habari za mvua na malaika kama mtu anayeota. Watu walisemaje? "Huyu kavuta nini?" Santuri zikabaki kwenye maboksi.

Nakala ya kwanza alimpelekea mwalimu wake wa kwaya, aliyemfundisha kuimba. Mwalimu akaigeuzageuza mkononi. "Nimepokea," akasema. "Alhamisi usichelewe mazoezi."

Basi. Jamani, mnajua kusubiri neno moja kulivyo? Kila Alhamisi alikuwa akimtazama mwalimu usoni, na kila Alhamisi alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho akalegeza nyuzi za gitaa, akaliweka juu ya kabati. Hakutunga tena.

Ikapita miaka thelathini. Vijana wa mjini wakaiibua ile santuri, wakaipenda ajabu. Redio zikaipiga, wageni wakaja kumpiga picha. Alifurahi, kwa nini asifurahi? Lakini mbio zake zilikuwa kwa mwalimu, ambaye sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani.

"Shikamoo, mwalimu. Ile santuri yangu, watu wameikubali."

"Marahaba. Nimesikia redioni," mwalimu akajibu, akageukia ukutani.

Mwezi uliofuata mwalimu akafariki. Wasifu wake alikuwa ameuandika mwenyewe, ukasomwa kanisani jeneza likiwa mbele. Katikati msomaji akafika hapa: "Santuri ya mwanafunzi wangu nimeisikiliza kila Jumapili tangu aliponiletea. Sijasikia kizuri kuliko hicho. Sikumwambia, asije akavimba kichwa. Mwambieni aendelee kutunga."

Yule mwanakwaya, kichwa chote mvi, akainuka mbele za watu. "Mwalimu, si ungeniambia tu!"

Ndivyo tulivyo sisi. Mke, mtoto, jirani, sifa zao tumezihifadhi kwa ajili ya siku ya wasifu. Tunaogopa watavimba kichwa. Mbona hatuogopi kuwavunja moyo? Sasa nawapa nafasi. Huyo unayemfikiria huenda yuko benchi la mbele yako, na bado anasikia. Mguse bega, umwambie.