Kuta Zilizomdhamini

Wapendwa, tulizeni mioyo kidogo, twende wote safari fupi. Kulikuwa na mkuu wa idara mmoja, mtu mpole, aliyekwenda mkutanoni huko milimani, kule ambako ukungu huingia hadi dirishani na mtu hajui kama ameamka au bado anaota.

Ofisini alimwacha karani wake, mama mmoja aliyeomba uhamisho ili akamuuguze mama yake mzazi. Makao makuu walitaka ridhaa ya mkuu kwa baruapepe, itoke kwake mwenyewe, siku ileile kabla ofisi hazijafungwa. Kwa simu hawakubali.

Asubuhi mkuu akafungua kompyuta yake, akaandika kwamba ameridhia, mama huyu aende. Akabonyeza tuma. Kisha akakaa barazani na kikombe chake, akitazama ukungu ukipita juu ya mashamba ya chai, na akaliona neno lake likielea pamoja nao, linashuka bondeni, linavuka mito, linabisha hodi. Moyo wake ulijaa furaha. Nani asingefurahi? Si jambo tamu kutenda wema ukiwa umekaa?

Alasiri simu ikaita.

"Shikamoo mkuu. Samahani kukusumbua, makao makuu wanasema hawajapata kitu."

"Marahaba. Mbona nimetuma tangu asubuhi, mama?"

Akafungua tena. Ujumbe ulikuwa palepale, haujatoka hata hatua moja. Akabonyeza, ukagoma. Akazima, akawasha, akapanda kilimani kutafuta mtandao. Wapi! Mwisho akampigia fundi wa kompyuta wa ofisini.

"Mkuu, ukiwa hapa mtambo haukuulizi wewe ni nani, kwa sababu umo ndani ya kuta zetu," fundi akamwambia. "Ukiwa nje lazima ujitambulishe. Weka neno lako la siri."

Mkuu akajiuliza: Neno gani? Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Na kulibadilisha, fundi akasema, lazima aje mwenyewe.

Kesho yake akarudi. Alipoingia tu ofisini na kuwasha kompyuta, ujumbe ukaondoka wenyewe, laini, bila kuulizwa swali. Lakini kiti cha karani kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka alfajiri, bila ridhaa ya mtu, kwenda kuzika.

Na sisi je? Humu ndani amina zetu hupaa bila kizuizi. Nani humu hutuuliza sisi ni nani? Kuta zinatudhamini, nyimbo zinatubeba, nasi tunakaa tukiota kwamba upendo wetu umeshafika. Kesho utakuwa sokoni, utakuwa kazini, jirani yako atakuwa na shida, na kuta hizi hazitakuwepo. Hapo utaulizwa wewe ni nani. Utajibu nini?

Ndugu yangu, usingoje Jumapili nyingine, urudi hapa, ndipo wema wako utoke. Kuna mtu anausubiri leo, kabla ofisi hazijafungwa.