Fimbo na Gurudumu katika Jaruba la Naelijwa

Fimbo ikisema ndiyo, liulize gurudumu.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mjomba hivyo, alipoapa kwamba viti vya harusi vimekwisha kupatikana, na nyote mkaangua kicheko kana kwamba mmeelewa. Kisha mkaja hapa mmoja mmoja kuuliza maana. Si neno. Kucheka kwanza na kuuliza baadaye ni desturi ya ukoo wetu, ndiyo maana wengi wetu tuna makovu. Basi kaeni. Msemo huu haukushushwa na wahenga wa kale. Umetoka matopeni, na ulizaliwa namna hii.

Katika skimu ya mpunga ya Mkongea, kule tambarare chini ya milima ya Upare, maji hayagawiwi kwa kupendana. Yanagawiwa kwa zamu. Kila mkulima ana siku yake moja, toka alfajiri hadi saa kumi jioni. Siku hiyo ajaze majaruba yake maji na achavange tope mpaka liwe laini kama uji, tayari kwa kupandikiza. Ikifika saa kumi, mgawa maji hupita na funguo zake akifunga malango, na siku hiyo hana ndugu wala mkwe. Aliyechelewa atangoja siku kumi na nne.

Naelijwa hakuwa na siku kumi na nne. Alikuwa mjane mwenye majaruba manne, wengi wakimwita Mama Namsifu kwa jina la mwanawe, na miche yake ilikuwa imeshatimiza wiki nne kitaluni. Mche ukikawia kitaluni huanza kupiga vifundo, na ukipandikizwa baada ya hapo huota majani mengi ya kumfurahisha ng'ombe, punje hakuna. Chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima kilikuwa kinategemea siku ile moja, naye alilijua hilo hata usingizini.

Trekta lilikuwa la kikundi chao, dogo, kuukuu, rangi imebabuka. Aliyeliendesha ni Eliakimu, kijana mwema ila alipenda kusikika. Kando ya kiti chake palikuwa na fimbo fupi ya chuma. Ukiivuta, nguvu ya injini, ambayo kwa kawaida huenda kwenye magurudumu ya nyuma tu, huenda na kwenye ya mbele pia, na taa ndogo ya kijani huwaka mbele ya dereva. Kwenye nchi kavu hilo si lazima. Kwenye jaruba lililojaa maji, trekta lisilovuta kwa mbele ni beseni lenye kelele.

Jaruba la kwanza lilikuwa la udongo mgumu kidogo, trekta likalimaliza. Katika la pili, saa tatu asubuhi, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bila kwenda, yakachimba, yakazama hadi nusu. Eliakimu akavuta fimbo, taa ikawaka, akakanyaga mafuta. Trekta likazidi kukaa kama kuku anayeatamia.

"Umeweka ya mbele?" akauliza Naelijwa kwa sauti kutoka langoni.

"Nimeweka, Mama Namsifu! Si unaona taa?"

Taa hakuiona. Desturi ya skimu ni kwamba mwenye zamu habanduki langoni, maana jirani mwenye kiu ya maji ana mkono mwepesi. Kwa hiyo alisimama juu ya tuta, jembe mkononi, akilitazama trekta usoni, na asichokiona akakiamini.

Ikapigwa simu kwa fundi. Fundi mwenyewe ni Sifaeli, kaka wa mke wa Eliakimu. Wawili hawa walitaniana mpaka watu wakasahau kama wana kazi nyingine.

"Shemeji, fimbo inaingia?" Sifaeli akauliza kabla hata ya salamu.

"Inaingia laini kama kisu kwenye parachichi."

"Na taa?"

"Inawaka."

"Basi gia ni nzima. Tatizo ni dereva. Nakuja."

Alifika saa tano kwa baiskeli, spana zikilia kwenye mfuko. Naye akapanda, akavuta fimbo, akaona taa, akaridhika. Akapima mafuta ya gia: yamo. Akapunguza upepo wa matairi ya nyuma ili yashike zaidi: yakazama zaidi. Wakakata matete, wakayasukumia chini ya magurudumu. Trekta likayatafuna na kuyatema nyuma, likamchafua Sifaeli toka kofia hadi viatu. Eliakimu akacheka hadi akashika tumbo.

"Sasa umefanana na dada yako akiwa amekasirika."

"Dada yangu nilimwambia asiolewe na mtu anayekwama."

Naelijwa hakucheka. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Alihesabu kimoyomoyo majaruba matatu yaliyobaki, akaiona miche yake ikirefuka kana kwamba inamzomea. Aliwatazama wale wanaume wawili wakiwa wameinamia nyuma, mahali palipokuwa na kelele na matope yanayoruka. Yeye alikuwa mbele, mahali pasipo na lolote la kutazama isipokuwa gurudumu moja lililokaa kimya, na jani la gugumaji limenata juu yake.

Hapo akasita. Lile jani alikuwa ameliona tangu saa tatu, pale pale lilipo.

"Sifaeli," akaita. "Gurudumu hili la huku nalo linatakiwa lizunguke?"

"Mama Namsifu, wewe linda maji. Chuma tuachie sisi."

"Nimeuliza, mwanangu. Linatakiwa lizunguke, au halitakiwi?"

"Fimbo ikiwa imeingia, lazima lizunguke. Na fimbo imeingia."

"Basi njoo usimame hapa nilipo, yeye akanyage mafuta."

Sifaeli akaja akikokota miguu, kwa heshima ya umri wa mama huyo tu. Akapanda tuta, akasimama. Eliakimu akakanyaga. Nyuma tope liliruka hadi jaruba la jirani. Mbele, jani lile halikutikisika hata kidogo.

Sifaeli akavua kofia. Akaivaa tena. Kisha akasema polepole, "Shemeji, zima injini."

Injini ikazimwa. Eliakimu akageuka na kuuliza kuna nini.

"Ule mrija wa meno, ulioko chini ya tumbo, unaounganisha gia na mhimili wa mbele. Ulishaurudisha?"

"Mimi niurudishe? Si wewe ndiye uliyeutoa!"

Ilikuwa hivi. Kiangazi trekta lile hubeba matofali barabarani, na madereva wa kikundi hupokezana. Kila mmoja alipenda kuvuta fimbo hata kwenye lami, kwa kuwa taa ya kijani ikiwaka mtu hujiona rubani. Matairi ya mbele yakawa yanalika kama sabuni. Kikundi kikaona kuwakataza madereva ni kazi ngumu kuliko kuwadanganya. Wakamwambia fundi auvute nyuma ule mrija na kuufunga kwa waya, ili fimbo iende, taa iwake, rubani afurahi, na magurudumu ya mbele yajiviringikie tu bila kuvuta. Mvua zilipoanza, Sifaeli aliuliza kama fimbo inaingia. Akaambiwa inaingia, akadhani mtu amesharudisha. Eliakimu, ambaye shemeji yake alishamdokezea siri ile, aliona taa, akadhani fundi amesharudisha. Na trekta likitembea, nani angejua? Gurudumu linaloburutwa huzunguka sawasawa na linalovuta.

"Kwa hiyo fimbo imetudanganya," akasema Eliakimu kwa unyonge.

"Fimbo haikudanganya," akajibu Naelijwa. "Mmeiuliza kama imeingia, nayo imesema imeingia. Lipi lingine mlitaka iwaambie? Chimbeni."

Wakachimba tope kwa mikono chini ya tumbo la trekta, Sifaeli akilala chali ndani ya maji, na utani ukaisha kabisa. Waya ukakatwa, mrija ukasukumwa mahali pake, pini ikagongwa. Ilikuwa saa nane na nusu. Eliakimu alipovuta fimbo safari hii, gurudumu la mbele lililibeba lile jani, likalizamisha, na trekta likajikwamua kama ng'ombe aliyesikia chumvi.

Likamaliza jaruba la pili, likamaliza la tatu. Lilikuwa linapindia la nne wakati mgawa maji alipofika na funguo zake. Saa kumi. Alifunga lango, akawasalimu wote kwa upole, akaenda zake. Na trekta lilikuwa linangojwa upande wa pili wa mfereji tangu mchana, na mwenye zamu ya trekta huko alikuwa ameshaanza kupiga mayowe.

Likabaki jaruba moja. Maji yalikuwa bado yamesimama ndani yake, lakini hadi kesho ardhi ingekuwa imeyanywa yote.

Eliakimu alimpa usukani mwenzake wa kikundi aliyekuja kulichukua trekta, akaja na Sifaeli mbele ya mjane yule, wote wawili wamejaa tope hadi kwenye nyusi.

"Mama Namsifu, tumekukosea. Hili moja tutalichavanga wenyewe kwa jembe."

"Kweli, wanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

Wakatazamana. "Ndiyo... alfajiri na mapema," akasema Sifaeli.

Naelijwa hakugomba. Aliinama, akaokota majembe mawili kando ya tuta, akampa kila mmoja la kwake. Yeye akashika la tatu, akashuka ndani ya maji, akasimama akiwangoja, macho yake hayako kwenye vinywa vyao bali kwenye miguu.

"Fimbo ikisema ndiyo," akasema, "liulize gurudumu."

Wakashuka. Jua lilizama wakiwa katikati ya jaruba, na walipotoka tope lilikuwa laini kama uji. Wiki ile miche ilipandikizwa katika majaruba yote manne. Ndiyo maana katika skimu ile, hadi leo, ukimwahidi mtu jambo naye akaitikia kwa kukutazama miguuni, usidhani umepoteza kiatu. Anajikumbusha tu kwamba fimbo ikisema ndiyo, liulize gurudumu.